Panya Aliyetafutwa Kanisani

Tarehe 6 Mei

Kwa mke wangu wa kwanza, Bibi,

Shikamoo. Ukishajiitikia mwenyewe kaa chini, maana habari hizi hazisomwi na mtu aliyesimama. Mjukuu wako Domo, ambaye mwalimu wa darasa la sita alisema kichwa chake kimejaa uji, amepata kazi. Kazi ya viatu! Nakaa kwenye kiti chenye mgongo, aproni safi kifuani, nakata ngozi, nashona, napiga rangi. Wakubwa wanavua viatu mbele yangu kama wanaingia mahali patakatifu. Ukimwona huyo mwalimu mwambie uji umeiva.

Kasoro ni moja tu. Ukuta wa pili kuna kiwanda cha ngozi mbichi. Bibi, niliyokutana nayo huko siwezi kumwandikia mtu anayekula. Ngozi zinashushwa kwenye lori zikiwa bado na mafuta, masikio na mikia, na funza wanacheza ngoma. Zinatumbukizwa kwenye mashimo ya chokaa mpaka manyoya yalegee, halafu watu wazima, waliozaliwa na mama zao, wanazitandaza juu ya gogo na kuzipara kwa kisu cha mipini miwili. Ute unawachuruzika mpaka kiwikoni. Harufu inaingia kwenye kucha, kwenye nywele, kwenye mate. Kuna kijana mmoja pale, mrefu kama mimi, mzuri karibu kama mimi, juzi alipanda basi na watu wote wakashuka. Namwonea huruma sana.

Siku naondoka uliniambia Mungu ni mwaminifu, hatamwacha mtu wake. Nasadiki. Ila akija kunitembelea mwambie apite upande wa huku, na azibe pua.

Wako wa halali,
Domo, Bingwa wa Viatu

---

Tarehe 19 Mei

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Barua yako imefika nami nimeifurahia. Kwanza niliianika kwenye kamba siku mbili, nadhani ilinyeshewa njiani.

Mimi mzima. Kale kamsumari nilikokakanyaga kanisani nikisugua sakafu, mguu wa kushoto, kameacha kidonda kidogo tu. Nakiosha kwa maji ya chumvi. Sukari yangu nayo iko pale pale, tumeshazoeana kama wake wenza.

Habari kubwa ni ya kanisani. Pananuka. Ilianza Jumapili moja wakati wa wimbo wa pili, watu wakaanza kugeuzageuza shingo. Koti akasimama. Unamjua, yule mzee wa kanisa wa koti la mabega mapana, asiyelivua hata jua likiwaka. Akatangaza kwamba chini ya mbao kuna panya aliyekufa. Jumamosi tulimtafuta, mimi nikiwa mbele kwa magoti, na ndoo yangu na tochi, maana miaka thelathini na mbili nimeipiga deki sakafu ile na hakuna aijuaye kunishinda. Hatukumwona. Basi Koti amesema mbao zote zing'olewe, viwekwe vigae. Wakfu utakuwa Jumapili ya mwisho ya Agosti. Wamekubaliana kwamba wa kwanza kuikanyaga sakafu mpya ni mimi, niliyeisugua ya zamani.

Sasa sikiliza, fundi. Miaka yote hiyo nimeingia mle peku, ili nisichafue nilichokisafisha. Siku hiyo nataka kuingia na viatu. Nishonee. Cha kushoto kiwe kipana kidogo.

Mungu ni mwaminifu, ameniacha niione siku hiyo.

Mkeo,
Bibi

---

Tarehe 2 Juni

Bibi, mke wangu,

Shikamoo. Viatu ni kitu kidogo, kwangu ni kama kupiga chafya. Nitakushonea viatu ambavyo ukipita vigae vitasema ahsante. Ila fundi wa kweli hakisii. Vua, kanyaga karatasi, zungushia kalamu miguu yote miwili, nitumie.

Na mbona cha kushoto kiwe kipana? Mguu umeolewa ukanenepa? Sema.

Mwambie Koti kwamba panya akifa chini ya mbao hanuki mwezi mzima. Hunuka wiki, akakauka, akawa kama mkanda. Mimi najua mambo ya vitu vilivyokufa. Yaani nimewasikia wale wa ukuta wa pili wakisema. Leo wamefungua shimo lililosahauliwa tangu mwaka jana, na Nyapara wao, mtu wa miaka ishirini kazini, ameinama pembeni akatoa chai yote ya asubuhi. Nilikuwa napita tu.

Domo, Fundi Asiyekisia

---

Tarehe 15 Juni

Mume wangu,

Marahaba. Karatasi hiyo hapo, nimeikunja mara nne. Nilikanyaga asubuhi nikiwa sijafunga kitambaa, usishangae doa.

Mbao zimeng'olewa. Ungecheka. Wametoa vifungo vya mashati kumi na kimoja, kijiko, jino la mtoto na kipande cha mahubiri cha mwaka gani sijui. Panya hakuna, hata mkia. Harufu iko pale pale. Jumapili iliyopita niliketi benchi langu la pili, na kufika sala ya toba benchi lilikuwa langu peke yangu. La nyuma nalo likaanza kupungua. Baada ya ibada Koti akaja, kitambaa chake cha marashi puani, akaniambia kwa upole, "Mama, tumekutafutia mahali penye hewa." Wameniwekea kiti nje ya mlango, upande wa kushoto, panapowekwa miavuli. Nasikia neno vizuri tu, nakosa ubeti mmoja mmoja upepo ukivuma.

Kuhusu kuingia wa kwanza, amesema watatazama upya.

Usikasirike. Nilimwomba Mungu jambo moja tu, anivumilie mpaka Agosti. Mwaminifu hutegemewa, hasukumwi. Wewe shona.

Bibi

---

Tarehe 22 Juni

Bibi,

Shikamoo sina leo. Nikishakusema ndipo nitakusalimu.

Mimi si fundi wa viatu. Sijawahi kushona hata kifungo. Yule kijana mrefu aliyeteremsha watu basi zima ni mimi. Siku nzima nimesimama kwenye ute, napara nyama kwenye ngozi za watu wasionijua, na jioni najisugua kwa majivu mpaka ngozi yangu mwenyewe inataka kwenda shimoni. Nilikudanganya kwa sababu ulimwambia kila mtu mtaani kwamba Mungu atanipa kazi ya heshima. Nikaona nikisema kweli nitamwaibisha yeye.

Sasa sikiliza kwa nini nimesema. Barua yako niliifungua saa ya chakula, uani, nimekaa na wanaume saba juu ya magunia ya chumvi. Watu wanaokula mihogo huku funza wakiwapita miguuni. Nilipoikunjua karatasi, wote saba waliinuka. Mmoja akatema. Nyapara akasema, "Domo, nani amekuletea hiyo?" Nikasema ni mguu wa bibi yangu. Hakuna aliyecheka, na pale hata msibani watu hucheka.

Bibi, mimi nina pua moja tu lakini imesoma kuliko mimi. Kuna harufu ya ngozi iliyolowa, hiyo ni kazi. Kuna harufu ya chokaa, hiyo ni mshahara. Na kuna harufu nyingine, tamu tamu, inayokaa nyuma ya ulimi. Ngozi ikitoa hiyo haingoji kesho. Sehemu hiyo hukatwa na kutupwa siku ile ile, ama ngozi nzima inakwenda. Hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye karatasi yako. Na mchoro wa mguu wa kushoto hauna vidole vitano. Una kitu kimoja kama kiazi.

Wameng'oa sakafu nzima wakitafuta panya, na panya ni mguu wako! Na wewe ulijua! Ulipiga magoti na tochi ukamtafuta pamoja nao!

Nimechefuka. Nimechefukwa na Koti na marashi yake. Nimechefukwa na benchi lililohama huku likiimba. Miaka thelathini na mbili umesugua mate yao, matope yao, matapishi ya watoto wao, hukuziba pua hata siku moja, na wao wamekuweka kwenye miavuli. Na huyo mwaminifu wako, niulize kwa heshima, pua yake iko wapi? Anasikia uvumba tu?

Nenda hospitali leo. Usingoje Agosti. Barua hii nampa dereva wa lori la ngozi, kesho asubuhi yuko kwenu. Nyapara amenipa ruhusa, nafika keshokutwa.

Shikamoo.

Domo

---

Tarehe 23 Juni

Domo,

Marahaba. Dereva anangoja mlangoni, injini inawaka, kwa hiyo naandika mbio.

Usije.

Kazi yako niliijua tangu barua ya kwanza. Mimi ni mfagizi, mwanangu, nimenusa kila kitu kinachotoka kwa binadamu na mnyama. Niliianika, nikaisoma, nikaiweka ndani ya Biblia yangu, na Biblia yote sasa inanuka kiwanda. Sijakuonea aibu. Nilingoja useme mwenyewe.

Nami nilijua ni mguu. Nilijua wiki ya kwanza. Hospitali sikwenda kwa sababu watakata, na nikikatwa nitaingiaje wa kwanza? Nilimwambia Mungu, mguu huu umekutumikia, nikopeshe mpaka Agosti, kisha fanya utakavyo. Hakujibu. Nikachukulia kwamba kukaa kimya ni kukubali, kama wanaume mnavyofanya.

Kukupenda ndiko kunakonifanya nikukatalie. Nisingependa uione. Hata mimi nikifungua kitambaa nageukia ukuta.

Bibi

---

Tarehe 30 Julai

Bibi,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Tatu, kwa sababu ninazo za kukulipa.

Nimerudi kazini wiki ya pili sasa. Kisu kimenipokea, gogo limenipokea, Nyapara kanipokea kwa matusi, ndiyo salamu yake. Mikono inafanya kazi, kichwa kiko kwako.

Nilipokuwa huko sikusema neno, wewe unajua domo langu likinyamaza kuna ubaya. Niseme sasa, barua haina macho.

Siku ile nilipofika ulikuwa umejifungia. Nikasukuma mlango. Ukasema, "Kaa mbali, mume wangu." Nikajibu kwa majivuno kwamba mimi ni mpara ngozi, mguu wa kikongwe utanifanya nini? Nikachota maji ya moto, nikapiga magoti, nikafungua kitambaa. Bibi, kilitoka na nyama. Palikuwa na funza. Wale wale. Wa kiwandani nawajua, nawapangusa kama vumbi. Lakini hawa walikuwa ndani ya mguu ulionibeba mgongoni mpaka nilipokuwa na miaka minne.

Nilikimbia. Nilitapikia chini ya dirisha lako, na dirisha lilikuwa wazi. Nilikusikia unavyohema. Nilisimama pale nimeshika ukuta, nikasema moyoni, ondoka, kuna manesi, wanasomea mambo haya. Nilifika mpaka kwenye geti. Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo. Hilo hukulijua. Basi nimekuwa nikimtukana Koti mwezi mzima, na mimi mwenyewe ni Koti asiye na marashi.

Ndipo nikarudi, tukaenda hospitali. Daktari akasema ukatwe chini ya goti, na akasema ungechelewa wiki moja asingekuwa na cha kukata. Ukatikisa kichwa kama mtu anayekubali bei ya vitunguu. Koti naye akaja wodini, akasimama mlangoni pa wodi, si kitandani, mlangoni, akakuombea kwa mbali, mkono mmoja juu, mwingine puani. Nilitamani kumtumbukiza shimo la chokaa na koti lake mpaka manyoya yalegee. Na akatoka akisema, "Mungu ni mwaminifu." Nilitema mate. Samahani, nilitema kwenye ndoo.

Sasa niambie wewe, maana yeye sitamuuliza. Uliomba mguu mpaka Agosti. Mguu umechomwa nyuma ya hospitali na taka nyingine, moshi niliuona. Uaminifu uko wapi? Usinipe mstari wa Biblia. Nipe jibu.

Domo, asiye bingwa wa kitu

---

Tarehe 9 Agosti

Mume wangu,

Marahaba zote tatu.

Unataka jibu na mimi si mchungaji. Nitakueleza tu nilivyokuwa.

Mguu sikupewa. Nilimnunia wiki mbili. Nilikuwa nasali nikiwa nimeangalia ukutani, namwambia, "Nipo, lakini usinisemeshe." Mtu usiyemwamini humnunii, Domo, unamwacha tu aende zake. Hilo nililigundua wiki ya pili, likaniudhi, nikacheka peke yangu, nesi akadhani dawa imenipanda kichwani.

Tena kuna yule maiti wa kwenye Injili, wa siku nne kaburini. Dada yake alisema wazi, Bwana, sasa atakuwa ananuka. Maisha yangu yote nimesikia wakiisoma ile habari, wanalipita neno hilo mbio kama mtu anayepita chooni, wawahi kufika pale pa kufufuka. Nikiwa pale kwenye kiti cha miavuli ndilo lililonishika. Alinuka kweli. Na jiwe liliondolewa hivyo hivyo, na Yeye alikuwa amesimama hapo hapo mbele ya tundu, hakurudi nyuma hatua moja. Sasa wewe unauliza pua yake iko wapi. Mimi nadhani ilikuwa karibu kuliko ya wote.

Kuhusu dirisha. Nilikusikia ukitapika. Nilihesabu, mara tatu. Na geti nililisikia pia, mjinga wewe, lile komeo hulia nyumba nzima, nimekwambia mara ngapi ulipake mafuta? Lililia mara moja. Nikasema, basi, huyu ameondoka, simlaumu, Mungu nishike. Nikangoja lilie mara ya pili la kufunga. Halikulia. Nikasikia ndoo. Nikasikia unachota maji mengine, huku unaguna na kutukana majirani. Ukaingia na macho mekundu, ukasema, "Haya mke wangu, tuanze upya, maji ya kwanza yalikuwa baridi."

Nilikuwa nimeomba mguu. Ndipo ukaingia wewe. Sikujua niseme ahsante kwa nini, nikasema hivyo hivyo.

Usijifananishe na Koti. Koti hajawahi kutapika kwa ajili ya mtu.

Naendelea vizuri, natembea na magongo. Sakafu imekwisha, vigae vinang'aa kama sahani. Wamesema ataingia kwanza mke wa Koti, na ua mkononi. Mimi nimesema naingia, wao wapange ua lao. Nataka kiatu. Cha kulia tu, nimekupunguzia kazi nusu.

Na siku hiyo usioge. Toka shimoni njoo moja kwa moja. Nisinuke peke yangu, watanisahau.

Mkeo wa mguu mmoja,
Bibi

---

Tarehe 22 Agosti

Kwa Mzee wa Kanisa mwenye koti,

Shikamoo mzee. Mimi ni mjukuu wa mfagizi wenu. Shule niliishia darasa la sita, ukiona kosa lisahihishe kwa kalamu nyekundu unirudishie.

Nakuandikia kukupa taarifa njema. Panya mliyemtafuta amepatikana. Yu hai, ana miaka sitini na tisa, na Jumapili ataingia mlango wa mbele kabla ya ua la mtu yeyote. Atakuwa amevaa kiatu kimoja nilichomshonea kwa uzi wa kiwanda, kibaya sana, lakini ngozi niliipara mwenyewe. Ukitaka kumzuia, jua kwamba nyuma yake nipo mimi, na nyuma yangu wapo wanaume sita na Nyapara, wote tukiwa na nguo za kazi, kwa lori la ngozi. Tumeambiwa nyumba ya Mungu haimkatai mtu. Tunakuja kuhakikisha.

Tutakaa benchi la pili. Sisi hatuhamihami.

Marashi chukua chupa mbili.

Domo, Mpara Ngozi

---

Tarehe 2 Septemba

Mume wangu,

Kiatu chako kinafanana na chura aliyekanyagwa. Sijakivua tangu Jumapili.

Wenzako wafikishie salamu. Nyapara wenu ana sauti, kumbe! Wimbo wa pili alitufunika wote. Benchi letu lilijaa, na la mbele yetu lilihama, nami sikulitazama. Koti alichomoa kitambaa chake, akakiangalia, akakirudisha mfukoni. Hukumwona, ulikuwa unalia, usikatae. Nilimwona mimi. Alikuwa kijani kama jani la muhogo, lakini alikaa mpaka mwisho. Mke wake alinipisha mlangoni, akanipa lile ua. Nimempa mbuzi wa jirani.

Sasa jambo moja. Magongo yangu yana mpira mweusi chini, na vigae ni vyeupe. Kila hatua yameacha alama, mbili mbili, tangu mlangoni penye miavuli mpaka benchi la pili. Koti ameniuliza kwa upole kama zinafutika. Zinafutika, kwa sabuni na majivu, kazi ya robo saa. Jumatatu jirani alinibebea ndoo mpaka kanisani, nikaketi chini sakafuni, nikalowesha tambara, nikalikamua.

Miaka thelathini na mbili sijaacha doa kwenye sakafu ile. Nikazitazama alama zile moja moja mpaka mlangoni. Kisha nikamwaga maji nje yakiwa bado safi, nikaenda nyumbani.

Mkeo,
Bibi